Mama Mkwe Ndani ya Chupa

Jua ndiyo kwanza linachungulia Kasubi, Kampala, na Zéphyrin Kasereka tayari anacharaza ua wa watu kwa fimbo. Mkono wa kushoto ameshika mwavuli mweusi, ameugeuza juu chini na kuusukumiza chini ya matawi. Mkono wa kulia unapiga. Majani yanadondoka mwavulini, sisimizi, konokono mmoja, vumbi la wiki nzima, na katikati ya takataka hizo vitu vidogo vyenye miguu vinakimbia huku na huko.

Anachutama. Anavua miwani, anaivaa tena, anauinamia mwavuli mpaka pua inakaribia kuingia ndani. "Karibu, mama," anamwambia mmoja wao kwa upole, na kumfunika kwa kichupa.

Askari wawili wa Kitanzania waliowekwa kwenye kizuizi cha barabara wamekuwa wakimtazama tangu alipofika. Mwishowe mmoja anashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mzee. Huo ua umekukosea nini?"

"Marahaba. Haikunikosea kitu, mwanangu. Natafuta buibui."

"Wa dawa?"

"Wa kujua jina lake."

Askari anafikiri kidogo. "Na ukishalijua jina lake, unamfanyaje?"

"Namutia mu waragi."

Askari, ambaye anaijua pombe hiyo kali, anamgeukia mwenzake, wanaangaliana, kisha anasema kwamba kwa yote aliyoyasikia tangu waingie Kampala mwezi wa nne, hicho ni kifo cha heshima. Wanamruhusu mzee aendelee na ua wake.

Miaka miwili iliyopita mambo yasingekuwa mepesi hivyo. Mtu mwenye mwavuli wakati hakuna mvua, anayevizia kwenye ua wa jirani na mfukoni ana vichupa, angeweza kujikuta ndani ya buti ya gari kabla hajamaliza kujieleza. Kasereka anakiri kwamba siku hizo alikuwa akienda kazini na rozari mfuko mmoja na vichupa mfuko wa pili, na hakujua kipi kingemwokoa. Kilichomwokoa hakikuwa chochote kati ya hivyo viwili. Alikuwa mwanamke mmoja wa Kijerumani ambaye hakuwahi kumwona.

Kasereka ana miaka hamsini na minne. Ni mfupi, ana koti la kazi la buluu lililofuliwa mpaka likawa kijivu, na kicheko kinachoanzia mabegani kabla hakijafika mdomoni. Alizaliwa karibu na Butembo, upande wa Kongo, akavuka mpaka mwaka 1964 wakati wa vita vya Mulele, yeye, mkewe Hortense na binti yao mchanga Julienne. Alibeba matofali Kawempe, akauza samaki wakavu, akafukuzwa sokoni pamoja na samaki wake, kisha akapata kazi ya kuosha chupa katika nyumba moja ndogo ya serikali, yenye bati jekundu, ambayo watu wa mtaa huiita Nyumba ya Wadudu.

Ndani ya nyumba hiyo mna rafu, na juu ya rafu mna maelfu ya chupa, na ndani ya kila chupa mna mdudu aliyekufa zamani akiwa na karatasi yenye jina lake. Kasereka aliosha chupa mwaka mmoja. Mwaka wa pili alianza kuuliza yaliyomo. Mwaka wa tatu walimpa kibano.

Mshahara wake ulipofika shilingi mia nne kwa mwezi, sukari ya magendo ilikuwa imeshaupita mbio. Hortense akaanza kukaanga kabalagala, chapati ndogo za ndizi mbivu, na kuziuza Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba. "Watu waliniuliza bwana yako anafanya kazi gani," anasema Hortense. "Nawajibu anafanya serikalini. Wakiuliza serikalini wapi, nageuza kabalagala."

Kazi yenyewe si rahisi kuieleza sokoni. Kasereka anashughulika na buibui wadogo wa miiba, wale wanaotanda utando wa duara kati ya matawi ya ua. Jike ana ukubwa wa punje ya hindi. Mgongo wake ni mgumu na una miiba sita inayotokeza pembeni. Wengine ni wa njano, wengine weupe, wengine wana madoa. Dume ni kama mbegu ya ufuta, hana miiba ya maana, na mara nyingi hufikiriwa kuwa ni uchafu tu ulionasa kwenye utando wa mkewe.

Mtu asiyejua akiona rangi tano atasema ni aina tano za buibui. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

"Rangi ni nguo tu," anasema Kasereka, na hapa huwa hana haraka. "Leo mutu anavaa ya njano, kesho anavaa ya mweupe. Utamujua kwa nguo? Hapana. Unamupindua, unatazama chini ya tumbo. Kule iko muhuri."

Huo anaouita muhuri ni kibamba kidogo kigumu anachokuwa nacho jike aliyekomaa, mahali ambapo dume humwingilia. Kila aina ina umbo lake, na dume wa aina nyingine hawezi kuingia hata akiwa na nia kubwa. Kwa hiyo kuainisha buibui ni kutazama mahali ambapo mtu mwenye adabu hatazami. Kasereka, ambaye Jumapili hufundisha wachumba mafunzo ya ndoa parokiani, alilieleza jambo hili kwa Padre Anselme kabla hajamwambia mkewe. Padre akauliza kama analipwa kwa kazi hiyo. Alipojibiwa ndiyo, akasema basi si dhambi, ni ajira.

Kuna sheria moja zaidi, na yote yaliyompata Kasereka yametokana nayo. Buibui mmoja hawezi kuwa na majina mawili. Ikigunduliwa kwamba watu wawili walimpa majina tofauti, jina la kwanza ndilo linalobaki. La pili linazikwa, hata kama lilitolewa na mfalme.

Mwaka 1976 walikuja askari wenye utepe wa kupimia. Hawakutazama chupa hata moja. Walipima milango.

"Kanari nataka jua kama kreti napita," mmoja alieleza.

Kreti zilikuwa za bia. Kanali mmoja aliyekuwa na sauti kubwa mjini alitaka Nyumba ya Wadudu iwe ghala la mesi ya maofisa. Jina la Kanali huyo halitaandikwa hapa. Yu hai, yuko ng'ambo ya mpaka, na inasemekana anapenda sana kusoma magazeti.

Mkuu wa nyumba alikuwa Daktari Joska Akeyo, mwanamke wa Kisumu aliyesomea buibui Ulaya na kuja Kampala wakati Kampala ilikuwa mahali pa kujia. Ni mrefu, mkavu, na huongea upesi. Wakenya wenzake wengi walikuwa wanafungasha mizigo. Yeye alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuwaacha wafu elfu nane mikononi mwa walevi.

"Nilimuuliza Mzee Kasereka, tuna nini ambacho Kanali hana?" anakumbuka Daktari Akeyo. "Ana magari, ana nyumba, ana wake. Akanijibu, hana buibui."

Wiki hiyohiyo Kasereka alikuwa amepata buibui wa ajabu kwenye ua wa Kasubi: mwekundu kama pilipili iliyoiva, miiba mirefu kuliko ya wenzake. Hakukuwa na mwingine wa hivyo kwenye rafu. Umeme ulikuwa umekatika na taa ya hadubini haikuwaka. Kwa kawaida wangesubiri wamtazame muhuri, lakini utepe wa kupimia haukuwa wa kusubiri. Daktari akakubali rangi. Akaandika kwamba ni aina mpya, akayatuma maelezo yake kwa jarida la Nairobi, na akampa jina la Kanali.

"Nilijua ni kamari," anasema. "Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemfukuza darasani."

Kanali alifurahi kupita kiasi. Alikuja na mpiga picha. Akaishika chupa mbele ya kifua chake, akahesabu miiba, akasema ni kama mabega ya jenerali. Hakuna aliyemwambia kwamba buibui yule alikuwa jike. Kreti za bia zikapelekwa kwingine, mlangoni akawekwa mlinzi mwenye bunduki, na wafanyakazi wakagawiwa gunia la sukari. Hortense akakaanga kabalagala tamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, na kwa muda wa mwezi mzima hakuuliza tena kazi ya mumewe.

Kisha Kanali akatoa amri ambayo kamanda yeyote angeitoa. Alitaka buibui wake waongezeke.

Kasereka alirudi kwenye ua wa Kasubi, akatafuta, na akampata jike mwingine mwekundu amekaa karibu na kifuko chake cha mayai chini ya jani. Akachukua jani zima. Nyumba ya Wadudu haikuwa na mahali pa kulelea viumbe hai, kwa hiyo watoto wa Kanali walihamia Kansanga, kwenye uzio wa mipasheni nyuma ya nyumba ya Kasereka, ndani ya fremu za mbao alizoziwamba kwa chandarua cha zamani.

Hortense alizipokea habari hizo akiwa na ufagio mkononi. Kila Jumamosi tangu waoane yeye hufagia buibui.

"Baba Julienne," alimwambia, "banawake wengine, mabwana zao banaleta nyama nyumbani."

"Mama Julienne, hawa ni batoto ba Kanali."

Ufagio ukashuka polepole.

Wakawalea. Waliwawekea ndizi mbivu zivute vijinzi, na vijinzi vikawa chakula. Wengi walikufa, wengine walilana kama ilivyo desturi yao, lakini waliobaki wakanenepa, wakajivua magamba mara kadhaa, wakaanza kutoa miiba. Kasereka alikuwa akipita kwenye fremu kila asubuhi kabla ya chai, akiwa na moyo mweupe kabisa, akingoja wekundu.

Wa kwanza akageuka njano.

Akafikiri ni ugonjwa. Wa pili akawa mweupe. Wa tatu akawa njano mwenye madoa. Mwekundu alipatikana, ndiyo, lakini baada ya wengi wa rangi nyingine, na hata yeye alikuwa mwekundu wa kusitasita.

"Nilikaa chini mu majani," anasema Kasereka. "Nikajua tumepotea."

Alikuwa amejua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba mama mmoja mwekundu amezaa rangi zote, kwa hiyo yule wa Kanali hakuwa aina mpya hata kidogo. Alikuwa buibui wa kawaida wa kila ua, amevaa nguo nyekundu. La pili, kwamba siku moja Kanali atakuja kuwaona wanawe, na atakuta hawamfanani.

Alimpelekea Daktari Akeyo jike mmoja wa kila rangi. Safari hii umeme ulikuwepo. Daktari akawapindua mmoja mmoja, akakuta muhuri uleule. Kisha akamtoa chupani yule wa Kanali, akampindua naye. Uleule. Mwishowe akashusha chupa ya zamani kutoka rafu ya juu, ya buibui wa njano waliokusanywa upande wa Tanzania wakati wa Wajerumani, na kufungua kitabu cha zamani cha Kijerumani kilichowaeleza. Alikisoma kwa kamusi. Kitabu kilisema buibui hao wamepewa jina la Bibi Ottilie, kwa heshima. Basi. Bibi Ottilie alikuwa nani, mke wa nani, wa wapi, hakuna neno.

Kwa sheria ya majina, Bibi Ottilie alikuwa wa kwanza. Kanali alipaswa kuzikwa.

"Tulikubaliana tunyamaze," anasema Daktari Akeyo. "Sikupenda. Mtu wa kazi yangu akijua kosa lake na kulifunika, hana tofauti na muuza dawa bandia. Lakini Kanali akikasirika, si mimi tu. Ni mzee huyu, na mkewe, na chupa zote."

Kwa Kasereka hatari ilikuwa kubwa zaidi. Yeye ni mgeni, karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimechakaa mpaka hazisomeki, na watoto wenyewe walikuwa nyuma ya nyumba yake. Usiku alikuwa akimuuliza Hortense kama awaachie wapande upepo wapotee. Hortense alimjibu kwamba mtoto wa Kanali akipotea ataulizwa aliyekuwa akimlea.

Kanali alikuja siku ya Jumatano asubuhi, mwaka 1977, bila taarifa. Alikuja na askari wanne na mke wake mdogo, Nanyama, mwanamke mchangamfu wa Mbale aliyevaa gauni la gharama na viatu vya kisigino. Fremu zilikuwa zimeletwa kutoka Kansanga juzi yake kwa sababu Hortense alikuwa amekataa kulala nazo tena.

"Mimi nakuja ona watoto," alisema Kanali.

Aliinamia fremu ya kwanza. Akahamia ya pili.

"Hii njano," alisema Kanali, "ni ya nani?"

Akahamia fremu ya tatu.

"Dudu yangu iko nyekundu. Hii njano. Hii nyeupe. Hii sijui nini. Nani nalala na dudu yangu?"

Nanyama alijikohoza na kuangalia dirishani. Alikuwa na watoto wanne kwa Kanali, na mjini kulikuwa na maneno kuhusu wa tatu. Kasereka hakuyajua maneno hayo wakati ule. Anasema kama angeyajua angezimia.

Akasogea mbele. "Afande, rangi ni nguo tu," alianza, na kwa sababu hakuwa na hotuba nyingine akaitoa yote, kama anavyowatolea wachumba wa parokiani. Alieleza habari ya muhuri. Akamwomba Kanali atazame kwenye hadubini. Kanali akavua kofia, akafumba jicho moja, akatazama wa njano, akatazama mweupe, akatazama mwekundu.

"Iko sawa," alisema, akishangaa.

"Sawasawa, Afande. Nyumba ni moja."

Kanali akanyooka. Uso ukaanza kufunguka. "Basi hii yote ni yangu."

"Afande?"

"Njano yangu. Nyeupe yangu. Ua yote ya Kampala, dudu yote, yangu. Andika."

Pale jambo lingeweza kuishia. Kasereka alikuwa tayari ameshika kalamu. Lakini Daktari Akeyo alikuwa amebeba uongo huo kwa miezi mingi, na sasa aliona uongo mmoja ukitaka kuzaa mwingine mkubwa zaidi, wa kumeza rafu nzima.

"Haiwezekani, Afande," alisema.

Askari mmoja aliondoa mgongo ukutani.

"Kuna mtu ambaye buibui hawa walipewa jina lake mapema," Daktari akaendelea. "Hawa wote ni wake. Sheria inasema wa kwanza ndiye anayebaki."

"Sheria ya nani?" Kanali alisema bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililowatisha. "Hapa Kampala nani iko mbele yangu?"

"Mwanamke mmoja, Afande."

"Mwanamke."

"Ndiyo."

"Mwanamke gani?"

Kitabu hakikumweleza Daktari Akeyo hilo. Kanali alikuwa anageuka kuwatazama askari wake, na Kasereka anasema aliona wazi, kama anavyoona mwavuli wake, kwamba akimaliza kugeuka mambo yamekwisha. Ndipo mdomo wake ukasema wenyewe.

"Ni mama mukwe, Afande."

Kanali akaganda.

Anayejua desturi za watu wa nchi ile haulizi kilichofuata. Kuanzia kaskazini hadi Mbale, kutoka Buganda hadi ng'ambo ya mto, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye chakula, haketi alipoketi, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Waganda wana ugonjwa wao wa kutetemeka kwa wanaovunja miiko hiyo, na Kanali, ambaye aliogopa watu wachache sana duniani, alikuwa na mama wakwe watano.

Akageuka uso kuelekea ukutani. Kofia akaishika mikononi. Askari wanne nao, mmoja baada ya mwingine, wakageukia ukuta.

"Yeye iko ndani ya chupa?" Kanali aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jina yake, Afande. Jina iko ndani."

"Na mimi?"

"Na wewe pia. Rafu ya chini yake."

"Chini yake." Kanali alitafakari. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka ile ya kreti."

Kanali alitoa sauti ambayo Daktari Akeyo anasema hajawahi kuisikia kwa mtu mwenye bastola. Hakuuliza mama mkwe wa nani. Kwake hilo halikuwa swali. Aliuliza tu kama mama huyo alikuwa mtu wa hasira, na Kasereka, akiwa ameshaingia majini mpaka kifuani, akasema habari za hasira yake hazikuandikwa.

"Toa mimi," aliamuru Kanali, bado akitazama ukuta. "Leo. Toa mimi ndani ya chupa. Dudu yote ni ya mama. Mimi hapana weza lala na mama mkwe nyumba moja."

Alitoka kinyumenyume, mkono mmoja kwenye macho, akajigonga kwenye fremu ya mlango uleule uliopimwa kwa ajili ya kreti. Nanyama alikuwa wa mwisho kutoka. Alimtazama Kasereka kwa muda, akakaza kitambaa chake kichwani, akasema, "Asante, Mzee. Hiyo maneno ya rangi, leo jioni tena nitamukumbusha."

Siku mbili baadaye lilifika gari la jeshi. Watu wa Nyumba ya Wadudu walijificha chooni. Lakini gari lilikuwa limeleta mbuzi jike, kitambaa cha gomesi, lile gauni la heshima la akina mama, na kopo la samli, vitu ambavyo mkwe aliyekosea hupeleka ili kuomba radhi. Dereva aliviweka mlangoni na kuondoka bila kuvuka kizingiti.

Mbuzi alileta matatizo yake. Kumchinja hawakuthubutu, kwa sababu alikuwa wa mama. Kumrudisha ilikuwa matusi. Alikaa nyuma ya nyumba akila ua wa hapo, ambamo Kasereka pia alikuwa akikusanya buibui, na alikufa kwa uzee wake mwenyewe, mnene. Gomesi ikakunjwa na kuwekwa juu ya rafu ya chupa za njano. Samli iliisha. Hortense anasema hajui ilikwenda wapi, lakini kabalagala za wiki hiyo zilisifiwa mpaka Ggaba.

Tangu siku ile hakuna askari aliyeingia Nyumba ya Wadudu. Habari ilikuwa imesambaa kambini kwamba ndani mna mama mkwe wa Kanali, na haikuwa na haja ya kusahihishwa. Mwezi wa nne mwaka huu wa 1979, utawala ulipoanguka na mji ukaporwa siku kadhaa mfululizo, watu wa mtaa walichukua viti, mapazia na bati la choo. Chupa hazikuguswa. Zilikuwa zimekaa katika waragi wa Kawempe, kwa sababu spiriti ilikuwa imekwisha tangu 1975, na Daktari Akeyo anaapa kwamba kama waporaji wangejua kilichomo angekuta buibui wamelala sakafuni, wakavu.

Sasa Daktari ameandika makala ya kusahihisha kosa lake. Imekwenda Nairobi wiki iliyopita. Inasema kwamba yule mwekundu si aina mpya, kwamba rangi hazina maana, na kwamba jina la Kanali linazikwa chini ya jina la Bibi Ottilie. Sababu ya kosa ameiandika kwa maneno machache: hali ya taa. Kasereka ametajwa katika mstari wa mwisho kama mlezi wa buibui. Ameukata mstari huo kwenye nakala yake na kuubandika jikoni, na Hortense anaufagia pembeni tu, haugusi.

Angepaswa kuwa mtu mwenye furaha tele. Na mara nyingi ni hivyo. Anacheka anaposimulia Kanali na ukuta, mabega yakianza kwanza. Lakini akifika kwenye maneno yake mwenyewe anapunguza sauti, kwa sababu Zéphyrin Kasereka hajawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule, na aliusema mbele ya buibui waliokufa na watu walio hai, na ulimlipa mbuzi.

Alipokwenda kuungama, Padre Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, akicheka nyuma ya pazia mpaka pazia likatikisika. Kisha akawa mkali. Alimuuliza kama anajua kwa hakika kwamba yule bibi hakuwa mama mkwe wa mtu. Kasereka akajibu hajui. Basi, Padre akasema, hatuwezi kukuhukumu kwa uongo ambao huenda ni ukweli. Tafuta kwanza. Ukijua, urudi.

Kwa hiyo Daktari Akeyo ameandika barua kwa watu wanaotunza buibui huko Ujerumani. Barua inauliza mambo ya kitaalamu kuhusu chupa za zamani, miiba na mihuri. Chini kabisa, kwa kusihiwa sana na mfanyakazi wake, ameongeza swali ambalo anaogopa litamwaibisha mbele ya wenzake: je, Bibi Ottilie alizaa?

Hortense haoni sababu ya wasiwasi. "Mwanamuke wa zamani, miaka yote ile, atakosa kuzaa?" anasema, akigeuza kabalagala. "Na kama ni kijana, kijana anaoa. Mama ya bwana naye ni mama mukwe. Mimi wangu namujua."

Kasereka anatikisa kichwa. Amelifikiria hilo, na halimsaidii. Kanali alielewa mama wa mke, na Padre amesema uongo hupimwa kwa kilichoingia sikioni mwa aliyeusikia.

"Lazima ikuwe binti," anasema. Anaweka kichupa cha Kasubi mezani, anafuta miwani kwa pindo la koti, na kuitazama posta iliyofunguliwa tena upande wa pili wa barabara. "Mumoja tu inatosha. Na huyo binti aolewe. Hata kama ndoa yenyewe haikukaa."